Kasuku akiumwa, mwambie mganga wako



Mwezi wa Aprili, wakati wa masika, alikuja kwenye zahanati yetu mzee mmoja fundi baiskeli. Kijiji chetu kiko kandokando ya barabara itokayo Mikumi kwenda Kilosa. Karibu kila mwenye baiskeli huku anamfahamu mzee huyu. Sitataja jina lake, lakini yeye mwenyewe ameniruhusu niandike habari hizi. "Andika, mwanangu," aliniambia. "Wengine wasije wakalazwa kama mimi."

Alikuwa na homa kwa siku nne. Kichwa kilimwuma sana. Viungo vilimwuma kama mtu aliyelima ekari nzima kwa siku moja. Alikohoa, lakini makohozi hayakutoka. Huku kwetu kila homa huitwa malaria. Nami nilifikiri hivyo hivyo. Nikamtoboa kidole, nikampima damu. Kipimo kikaonyesha hana malaria. Nikasikiliza kifua chake, nikampa vidonge vya amoksilini na dawa ya kutuliza homa. Nikamwambia arudi baada ya siku tatu.

Hapo nilikosea. Dawa niliyompa ni dawa nzuri kwa magonjwa mengi ya kifua. Lakini nilisahau kumwuliza swali moja dogo.

Siku ya tatu aliletwa kwa pikipiki. Kijana wake alikaa nyuma, amemshika asianguke. Mzee alikuwa anahema kwa shida. Homa ilikuwa imepanda kuliko mara ya kwanza. Ndipo nikamwuliza, "Mzee, nyumbani mnafuga nini?"

"Kuku sita na kasuku mmoja," alijibu. Akapumzika kidogo, kisha akasema, "Lakini kasuku naye ni mgonjwa. Hii ni wiki ya pili hapigi mluzi."

Nilimpigia simu mkubwa wangu wa kazi, nikamweleza. Akaniambia nisipoteze muda. Mzee akapelekwa hospitali Kilosa siku ile ile.

UGONJWA UNAOTOKA KWA NDEGE

Kuna ugonjwa ambao ndege humwambukiza mtu. Madaktari huuita sitakosisi. Mimi hapa nitauita homa ya kasuku, kwa sababu jina lake la kidaktari linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kasuku. Lakini si kasuku peke yake anayeubeba. Njiwa, bata na bata mzinga nao huupata. Kuku huupata mara chache.

Ugonjwa huu huletwa na kijidudu kidogo sana, hakionekani kwa macho. Ndege mgonjwa hukitoa katika kinyesi chake na katika kamasi na machozi yake. Kinyesi kikikauka huwa vumbi. Mtu akifagia, vumbi huruka. Akivuta pumzi, kijidudu huingia mpaka kwenye mapafu. Siku 5 hadi 14 baadaye homa huanza. Mtu hupata baridi, kichwa humwuma sana, mwili hulegea, kikohozi huwa kikavu. Asipotibiwa, mapafu huvimba ikawa nimonia. Anaweza kufa.

Jambo linalosumbua ni hili. Ndege anaweza kuwa na kijidudu hiki miezi mingi huku anakula vizuri na kupiga kelele kama kawaida. Akipatwa na shida ndipo hukitoa kwa wingi. Shida yenyewe ni kama baridi, njaa, safari ndefu au tundu lililo dogo mno. Wakati wa masika mvua ilinyesha sana kwetu, na usiku baridi iliingia ndani ya nyumba.

Sasa sikiliza jinsi mzee wetu alivyoishi na ndege wake. Kasuku huyo alikuwa wa kijani, kichwa chake rangi ya kahawia. Ndio hao tunaowaona asubuhi wakipita juu ya mashamba, wawili wawili, wakipiga kelele. Hutaga katika matundu ya miti. Miaka mitatu iliyopita vijana walikata mti porini wakapata makinda mawili. Moja lilikufa njiani. La pili mzee akalinunua. Aliogopa paka na wezi, kwa hiyo tundu akaliweka chumbani, karibu na kichwa cha kitanda. Kila asubuhi alipuliza maganda ya alizeti kwa mdomo ili tundu liwe safi. Karanga alimlisha kwa kuishika kati ya midomo yake, na kasuku akaichukua hapo hapo mdomoni.

Kwa miaka mitatu hakuugua. Nataka ulikumbuke hilo, maana sipendi kukutisha. Watu wengi hufuga ndege wala hawapati ugonjwa huu. Wala huupati kwa kula nyama ya kuku au bata iliyopikwa ikaiva. Ni mara chache sana mtu kumwambukiza mtu mwenzake. Hatari iko katika vumbi na katika kumgusa ndege mgonjwa.

Pale Kilosa mzee alipigwa picha ya kifua. Pafu la kulia lilikuwa na nimonia. Akapewa dawa iitwayo doksisaiklini. Dawa hii ndiyo inayokiweza kijidudu cha homa ya kasuku. Amoksilini niliyompa mimi haikiwezi. Baada ya siku mbili homa ikashuka. Kipimo cha kuthibitisha ugonjwa huu hakikupatikana, kwa hiyo daktari alitibu kwa kufuata dalili na habari ya yule ndege. Ndiyo maana habari ya ndege ni muhimu. Bila hiyo daktari angekosa njia.

Tafadhali usiende dukani kununua doksisaiklini kwa sababu umesoma hapa. Haitumiwi ovyo, hasa kwa mama mjamzito na mtoto mdogo. Nenda ukapimwe kwanza.

WENZETU NAO YALIWAPATA

Usidhani ugonjwa huu ni wa vijijini kwetu tu. Ulijulikana zaidi katika miji mikubwa ya ng'ambo. Mwaka 1892 uliingia Paris, Ufaransa, pamoja na kasuku walioletwa kwa meli kutoka Amerika ya Kusini.

Halafu huko Marekani, katika mji wa Annapolis, mume mmoja alimnunulia mkewe kasuku iwe zawadi ya Krismasi ya mwaka 1929. Kasuku akafa kabla ya sikukuu. Baada ya siku chache mke akaugua, na binti yao, na mume wa binti. Madaktari hawakujua ni ugonjwa gani, mpaka walipofikiria yule kasuku. Januari 1930 Rais Herbert Hoover alipiga marufuku kasuku kuingizwa nchini mwake. Hata maabara iliyochunguza ugonjwa huo ilipata msiba, maana mtumishi wake mmoja aliambukizwa akafa. Wakati ule dawa ya kuuponya haikuwapo. Dawa za jamii ya doksisaiklini zilianza kupatikana mwishoni mwa miaka ya 1940.

Hata hivi karibuni, mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, nchi tano za Ulaya zilipata wagonjwa wengi kuliko kawaida. Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba watu watano walikufa. Nchi hizo zina hospitali kubwa na kila kipimo. Sasa fikiria zahanati kama yetu, yenye mganga mmoja na muuguzi mmoja, na foleni ya wagonjwa hadi nje.

ACHA UFAGIO HUO

Siku mzee alipopelekwa Kilosa, jioni nilipanda baiskeli nikaenda nyumbani kwake. Nilimkuta mke wake na mjukuu wao, mtoto wa miaka kama kumi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mganga. Mzee anaendeleaje?"

Nilimjibu kwamba amefika salama. Kisha nikasikia sauti ya ufagio chumbani. Mtoto alikuwa anafagia chini ya tundu. Vumbi lilikuwa limejaa, unaliona katika mwanga wa dirisha. Nikamwita kwa sauti kubwa, "Acha ufagio huo! Toka nje!" Mtoto alishtuka akaanza kulia. Nilimwomba radhi baadaye.

Kasuku alikuwa chini ndani ya tundu, amevimbisha manyoya kama mpira. Macho yalikuwa na matongotongo. Kinyesi chake kilikuwa cha majimaji, rangi ya kijani. Hizo ndizo dalili. Ukiziona kwa ndege wako yeyote, mtenge na ndege wengine, usimbusu wala usimkumbatie. Mwite bwana mifugo.

Nilifunga kitambaa puani na mdomoni, nikavaa glavu. Tulinyunyiza maji ya sabuni juu ya kinyesi na maganda yote mpaka yakalowa kabisa. Kitu kilicholowa hakirushi vumbi. Ndipo tukakusanya kwa karatasi na kuchoma shimoni. Sakafu tukaiosha tena kwa maji yenye dawa ya klorini. Tundu na kasuku wake tukavitoa nje, chini ya paa la jiko la zamani ambalo halitumiki. Asubuhi yake kasuku alikufa. Tulimfukia shimo la kina kirefu ili mbwa wasimfukue. Tundu likaoshwa, likaanikwa juani siku nyingi.

Bibi na mtoto niliwaambia wanione mara moja kama watapata homa katika wiki mbili zitakazofuata. Mungu alisaidia, hawakupata. Jirani mmoja alisema mzee amerogwa, maana mtu na ndege wake hawaugui pamoja hivi hivi. Sikubishana naye sana. Nilimwambia kwamba mtu na ndege wake wakiugua pamoja, hiyo ndiyo habari anayoitaka mganga wa zahanati.

Niongeze neno juu ya njiwa. Kinyesi cha njiwa kilichokaa muda mrefu darini kinaweza kuwa na kuvu ambayo humwingia mtu kwa pumzi. Mwenye kinga dhaifu mwilini, kama mtu mwenye virusi vya UKIMWI, inaweza kumfika ubongoni. Mtu huyo asipewe kazi ya kusafisha banda la njiwa. Mwingine afanye, tena kwa kulowesha kwanza.

JE, KASUKU ANA BIMA?

Mzee alirudi nyumbani baada ya siku tisa. Alikuwa amekonda lakini anacheka. Tukahesabu gharama. Gari la kukodi, picha ya kifua, kitanda, dawa, chakula cha kijana wake aliyemwuguza. Kijana alikuwa ameuza magunia mawili ya mahindi ya akiba na mbuzi mmoja. Nilimwuliza kadi yake ya bima iko wapi. Akasema muda wake ulikwisha mwaka uliopita, naye hakulipia tena.

"Kwa nini, mzee?"

"Mwaka mzima hakuna aliyeugua nyumbani kwangu. Nikaona nimetupa fedha bure."

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitazamia. Kule Mikumi aliwahi kumtengenezea baiskeli mgeni mmoja Mzungu. Mgeni alimwambia kwamba kwao kasuku hukatiwa bima. "Ni kweli, mganga? Maana vijana wameniahidi kasuku mwingine. Nikimpata nimkatie bima kabisa, safari hii nisipate hasara."

Ni kweli. Nchini Uingereza kwa mfano kuna makampuni yanayokata bima ya kasuku. Mwenye ndege hulipa fedha kidogo kidogo. Ndege akiugua, kampuni husaidia kulipa daktari wa mifugo. Mikataba mingine hulipa hata ndege akiibiwa au akifa. Kasuku wa kijivu anaweza kuishi miaka 40 na zaidi, na matibabu yake huko ni ghali. Lakini kampuni haitoi fedha hivi hivi. Ugonjwa ambao ndege alikuwa nao kabla ya kukatiwa bima haulipiwi.

Zaidi ya hapo, bima hukatwa kwa kitu kilicho chako kwa haki. Kasuku wa porini si wa vijana waliokata mti. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kumkamata na kumweka mnyama au ndege wa porini bila kibali. Sisi tunaishi jirani na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na bwana nyama hayuko mbali. Zamani watu walikamata ndege wengi wakawauza ng'ambo. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Mwaka huo huo mataifa yaliyokutana Johannesburg yalikubaliana kuzuia biashara ya kasuku wa kijivu wa porini.

Nilimwambia mzee, "Kumkatia bima kasuku huyo ni kama kukatia bima baiskeli ya jirani uliyoichukua usiku." Yeye ni fundi baiskeli, alielewa haraka.

Basi tukaongea juu ya bima yake mwenyewe. Wengi huku wanaichanganya bima na upatu. Katika upatu unatoa, na zamu yako ikifika unarudishiwa zote. Bima haiko hivyo. Bima inafanana na mfuko wa kuzikana. Wote mnachanga. Mwaka ukipita bila msiba nyumbani kwako husemi nimeibiwa, unashukuru. Fedha yako imemsaidia mwenzako, na siku yako ikifika fedha ya wenzako itakusaidia wewe. Ukitaka kuchanga siku maiti iko ndani, wenzako watakushangaa.

Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996. Sheria yake ilitungwa mwaka 2001. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu sita katika mikoa kama yetu ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Viwango hubadilika, kwa hiyo waulize mtendaji wa kijiji au zahanati yako kiwango cha sasa kabla hujaugua. Uliza pia kadi inakufikisha hospitali gani na huduma zipi hazimo. Usione haya kuuliza. Mtu aliyejifunza kusoma ana haki ya kusomewa na kujisomea karatasi anayoitia sahihi.

Mzee alinyamaza kidogo. Akasema, "Mbuzi mmoja na magunia mawili." Akarudia tena, "Mbuzi mmoja na magunia mawili."

KUKU NAO WANA KINGA YAO

Wale kuku sita wa mzee hawakuugua. Lakini nilimwuliza kama wamechanjwa mdondo, ugonjwa ambao wengine huuita kideri. Hawakuwa wamechanjwa. Mdondo si ugonjwa wa kumuua mtu, ila unaweza kufagia kuku wa kijiji kizima kwa wiki moja. Hata kasuku humpata. Nyumba iliyokosa kuku imekosa mayai ya watoto, na imekosa kitu cha kuuza siku ya shida.

Chanjo ya mdondo ya I-2 inavumilia joto kuliko chanjo za zamani. Hutengenezwa hapa nchini na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania. Tone moja huwekwa katika jicho moja la kuku. Hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kichupa kimoja hutosha kuku wengi, wala hakigawanyiki, kwa hiyo mwenye kuku sita peke yake huona ni ghali. Majirani kumi wakichanga pamoja, kila mmoja hutoa fedha kidogo sana. Kuku anayeumwa tayari hachanjwi. Hapo nilimwona mzee anatabasamu, akasema, "Kumbe hata kuku hawakatiwi bima wakishaugua."

Kina mama wa darasa la kisomo la jioni wamekwisha kuandikisha kuku wao. Bwana mifugo wa kata ameahidi kufika na kichupa.

Wewe msomaji, ukienda zahanati na homa, usingoje mganga akuulize. Kwanza taja siku ulizoumwa. Kisha sema kama unafuga kuku, njiwa, bata au kasuku, na kama wapo waliokufa au wanaoumwa. Sema kama ulifagia banda hivi karibuni au ulinyonyoa ndege. Tangu Aprili nimeandika swali hilo kwenye karatasi na kulibandika ukutani juu ya meza yangu, kwa sababu foleni ikiwa ndefu mtu husahau.

Vijana walikuja kweli na kinda la kasuku ndani ya kopo. Mzee aliwakatalia, ingawa bibi aliniambia alilitazama kinda lile muda mrefu. Lile tundu la waya sasa liko nje chini ya mwembe. Ndani yake kuna vifaranga kumi na mmoja, mwewe hawezi kuwapata. Kadi ya bima bado hajalipia. Amesema atalipa akivuna alizeti.